Volti 3000 za Dakika Moja

Wanangu, mkikuta transfoma imeandikwa 3000 V kwenye karatasi ya kiwanda, msiandike kwenye daftari zenu kwamba mmepata transfoma ya kufanya kazi katika volti 3000. Hamjaipata. Mlichonacho ni transfoma ambayo, ikiwa mpya na kavu, iliwekewa volti 3000 za AC kati ya praimari na sekondari kwa sekunde 60, na kihami chake hakikutoboka. Karatasi haijasema zaidi ya hapo. Naona vijana wenye akili kali, wanaozijua hesabu za transfoma kuliko wengi wa rika langu, wakiisoma namba hiyo kama ruhusa, na nawahofia watu watakaoshika nyaya zitokazo kwenye kazi yao.

Nina sababu ya kuwasemesha sasa. Kwa miaka mingi pawa saplai zilitujia zimeshafungwa kutoka ng'ambo, nasi kazi yetu ilikuwa kufufua zilizokufa. Siku hizi mnabuni wenyewe: chaja za pikipiki za umeme, dereva za taa za LED, inveta za sola, hata vifaa vya hospitali za wilaya. Nalifurahia jambo hilo kwa moyo wangu wote. Lakini fundi wa kubadilisha fyuzi na transista alikuta utengano wa umeme umekwisha kupangwa na mtu mwingine, ukapimwa, ukapitishwa. Anayebuni anaupanga yeye, na mara nyingi hakuna wa kumsahihisha kabla kifaa hakijafika sebuleni kwa watu.

Tukumbushane kinachotenganishwa. Umeme wa ukutani Tanzania ni volti 230, Kenya ni 240. Kilele cha wimbi lake ni kirefu kuliko namba hizo: 325 kwa ule wa kwanza, 339 kwa wa pili, na gridi ikipanda asilimia 10 juu ya 240, kilele kinafika 373. Upande wa pili wa transfoma kuna volti 5 za simu au 12 za taa, na kuna mkono wa mtoto, au mtu aliyetoka kuoga hajajifuta vizuri. Ndani ya transfoma ndogo ya chaja, kinachokaa kati ya pande hizo mbili ni tabaka chache za tepu ya poliesta ambazo zote kwa pamoja hazifiki unene wa robo milimita. Miliampea 10 hivi zikipita mkononi, misuli hukaza na mtu akashindwa kuachia. Swichi za kulinda watu dhidi ya umeme unaovuja hutakiwa ziwe zimekata ufikapo miliampea 30. Hivyo ndivyo kiasi cha kuua kilivyo kidogo.

Hamali wa bandarini anaweza kuinua mzigo wa kutisha, akapiga nao hatua chache mbele ya watu, akautua. Hakuna tajiri mwenye akili atakayemwandikia mkataba wa kuubeba mzigo huo huo kutwa nzima, kila siku, mpaka uzeeni. Volti za jaribio ni zile hatua chache. Volti za kazi ndizo mzigo wa kutwa, na hizo ndizo za kutafutwa kwanza kwenye karatasi, ingawa mara nyingi zimeandikwa kwa herufi ndogo kurasa za nyuma, au hazikuandikwa kabisa. Zisipoandikwa, muulizeni muuzaji. Akikosa jibu, tafuteni muuzaji mwingine.

Katika kiwango cha IEC 60950-1, ambacho bado kinatajwa kwenye karatasi nyingi ingawa nafasi yake imechukuliwa na IEC 62368-1, kihami cha msingi kwa umeme wa ukutani kilijaribiwa kwa volti 1500 za AC, na kihami kilichoimarishwa kwa 3000. Kile cha msingi kinategemea kuwe na kinga ya pili nyuma yake, kwa kawaida waya wa erthi. Kilichoimarishwa kinasimama peke yake, kwa hiyo ndicho kinachotakiwa kwenye chaja ya pini mbili isiyo na erthi, ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba. Na hata penye pini tatu, msiitegemee erthi kwa macho. Nyumba ngapi mnazozijua zina soketi za matundu matatu na nyuma yake hakuna waya wa tatu?

Mtauliza kwa nini kitu cha kufanya kazi kwenye 240 kijaribiwe kwa 3000. Si kwa ukarimu wa kiwanda. Gridi haitulii. Radi ikipiga laini, au mota kubwa ya jirani ikizimwa, wimbi fupi la volti nyingi husafiri mpaka soketini na kutoweka upesi mno. Kiwango cha IEC 60664-1 huchukulia kwamba kifaa cha kuchomekwa soketini kwenye gridi ya volti 230 kitakutana na pigo la volti 2500, na kilichofungwa kwenye ubao wa umeme wa nyumba volti 4000. Mtu wa Kisii, au wa kando ya Ziwa Viktoria, hahitaji kuhadithiwa radi. Kwa hiyo kihami kina kazi mbili: kustahimili pigo la ghafla, na kudumu miaka chini ya volti za kila siku. Jaribio la dakika moja linatoa ushahidi juu ya kazi ya kwanza. Juu ya ile ya pili halisemi karibu chochote, na kihami kibovu huwa kinafia kwenye hiyo ya pili.

Angalieni pia kama volti zilizoandikwa ni za AC au za DC, na kwa muda gani. Volti 3000 za AC zina kilele cha 4242, basi jaribio la DC linalolingana nalo ni la volti 4242. Sasa chukueni vile vijisanduku vya wati moja vya kubadilisha DC kuwa DC, vinavyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Karatasi inasema utengano ni volti 1000 za DC, na pembeni: sekunde moja. Kwa AC hizo ni 707 tu. Vingi vyao ndani mna pete moja ndogo ya feraiti, praimari na sekondari zimeviringwa juu yake, zimetenganishwa na vanishi ya waya basi. Kihami cha namna hiyo kinaitwa cha utendaji. Kinaisaidia saketi kufanya kazi, kinakata kelele, kinaruhusu sehemu moja ikae juu ya nyingine kwa volti kadhaa. Mtu hakimlindi. Nilikuta kijana ametumia kimoja kutenga saketi inayopima umeme wa fezi tatu na tundu la USB la kompyuta ya mezani. Kilifanya kazi bila kasoro. Nilimtaka akiondoe kwanza, ndipo tuendelee kuzungumza.

Hapo kwenye vanishi nataka mkae zaidi, maana ndipo wenye akili wanapopotea. Chukueni nyaya mbili mpya za shaba zenye vanishi nene, kipenyo nusu milimita, zisokoteni pamoja, ziwekeeni volti 3000. Huenda zikapita. Mtu akishaona hivyo hujiuliza kwa nini apoteze nafasi adimu ndani ya feraiti kwa kuweka tepu. Naye akiviringa praimari na sekondari sambamba, waya kwa waya, transfoma yake itakuwa nzuri kwa kila kipimo alichofundishwa chuoni: sumaku ya koili moja itaishika nyingine barabara, michomo ya volti itapungua kwenye transista, joto litashuka. Mashine ya majaribio itawasha taa ya kijani. Na kifaa hicho hakifai kuuzwa kwa mtu yeyote, kwa kuwa viwango vya usalama havihesabu vanishi ya waya wa koili kama kinga kati ya mtu na umeme wa ukutani.

Sababu ziko ndani ya vanishi yenyewe. Ina vitundu visivyoonekana kwa jicho. Inavutika pembeni mwa kiviringio waya unapokunjwa, inakwaruzwa na waya wa jirani, inachoka kwa joto. Kanuni ya zamani ya mafundi wa transfoma, inayohusishwa na jina la Montsinger, inasema kila nyuzi 10 za joto la ziada hukata umri wa kihami kwa nusu. Si sheria ya hesabu kamili, ila nimeiona ikitenda kazi kwenye vifaa vilivyofungwa chini ya mabati bila tundu la hewa.

Na kuna adui mwingine, ambaye dakika moja haimfichui. Friedrich Paschen, mwanafizikia Mjerumani, alionyesha mwaka 1889 jinsi volti za kurusha cheche zinavyotegemea shinikizo la hewa na upana wa pengo. Kwa hewa ya kawaida kuna kiwango cha chini, volti 327 hivi, ambacho chini yake cheche hairuki hata pengo liwe dogo namna gani. Sasa rudini kwenye vilele tulivyovitaja: 325, 339, 373. Tunaishi pale pale mpakani. Kati ya nyaya mbili zilizobanana mna vipovu vya hewa, na volti zikivuka mpaka huo, ndani ya vipovu hupita cheche ndogo mno zisizosikika. Kila moja inakula chembe ya vanishi. Kwenye transfoma ya 50 Hz jambo hilo ni la polepole. Kwenye pawa saplai inayowasha na kuzima mara 65,000 kwa sekunde, hesabu ya mapigo kwa mwaka mmoja inatisha. Transfoma inapita kiwandani, inapita dukani, inapita mwaka wa kwanza, kisha usiku mmoja sekondari inashikana na umeme wa ukutani na simu iko kitandani.

Njia iliyokubalika inajulikana na haina siri. Kati ya praimari na sekondari wekeni tabaka tatu za tepu, na tabaka zozote mbili kati ya hizo ziweze zenyewe kupita jaribio zima, ili moja ikiwa na dosari mbili zibaki kazini. Au tumieni plastiki ngumu isiyopungua milimita 0.4. Pembeni mwa kiviringio acheni pindo la tepu, milimita tatu kila upande, ili umeme usipate njia fupi ya kuzunguka ukingoni. Nyaya zinazotoka nje zivisheni mipira mpaka ndani ya pindo. Anayekosa nafasi ya pindo atumie, kwa sekondari, waya wenye tabaka tatu za plastiki, ule unaouzwa kwa kazi hiyo kwa jina la waya wa tabaka tatu. Ni ghali, na joto la chuma cha lehemu likikaa muda mrefu linauharibu, lakini ndio ulioruhusu chaja zikawa ndogo kiasi hiki. Tena, msiisahau feraiti. Wengi huiona kama jiwe. Feraiti ya manganizi na zinki inapitisha umeme kiasi cha kutosha kuhesabiwa kama chuma, kwa hiyo ikigusana na praimari, basi na yenyewe ni praimari, na umbali kutoka kwayo hadi miguu ya sekondari unapaswa kupimwa kama umbali mwingine wowote wa usalama. Nimefungua transfoma nyingi zenye tepu nzuri kabisa ndani, huku mguu wa sekondari umelala kwenye feraiti.

Kuhusu volti za kazi, msidhani ni 240 kwa sababu soketi ni ya 240. Katika saplai ya aina ya flaibeki, transista inapozimika, praimari inajipandishia volti zinazorudishwa kutoka sekondari, mara nyingi 80 hadi 130, juu ya zile 339 au 373 zilizoko kwenye kapasita kubwa. Ule mguu wa transfoma ulioshikana na transista unafika karibu 500, na mchomo wa juu yake hatujauhesabu. Pimeni kwa osiloskopu yenye probu ya kutofautisha iliyotengenezwa kwa volti hizo, kati ya kila mguu wa praimari na kila mguu wa sekondari. Someni thamani mbili, ya rms na ya kilele. Ya rms ndiyo inayoamua umbali wa kutambaa juu ya bodi. Ya kilele inaamua umbali wa hewani. Kwa bodi ya kawaida ya faibaglasi, ndani ya kifaa kisichoingiza vumbi la kupitisha umeme, rms ya 250 inataka milimita 5 za kutambaa kwa kihami kilichoimarishwa, na 320 inataka 6.4. Aliyechora bodi kwa kukisia 240 anajikuta amepungukiwa na milimita nzima, naye ameshaagiza bodi mia.

Na transfoma haikai peke yake. Utengano wote una nguvu za sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote, na sehemu ni nyingi: optokapla, kapasita ya Y, mistari ya shaba juu ya bodi, skrubu, bati la kupoozea transista. Optokapla ya PC817, ambayo kila duka la vipuri linayo, imepimwa kwa volti 5000 kwa dakika moja, nayo ni kifaa kizuri. Lakini nikiona mstari wa shaba umepitishwa chini ya tumbo lake kwa sababu mchoraji alikosa nafasi, zile 5000 zimeshafutwa. Miguu yake imeachana milimita 7.62. Ukiondoa vipande vya shaba vya kulehemea, zinabaki sita hivi, na ni zenu kuzilinda. Kateni mwanya kwenye bodi hapo katikati, gharama yake ni ndogo.

Kapasita ya Y ni ile ya rangi ya buluu, mara nyingi nanofaradi 2.2, inayovuka moja kwa moja kutoka upande wa ukutani kwenda upande wa mtu. Imewekwa kwa makusudi, kutuliza kelele za redio. Ya daraja la Y1 hujaribiwa kwa pigo la volti 8000, ya Y2 kwa 5000, na penye kihami kilichoimarishwa inatakiwa Y1 moja au Y2 mbili mfululizo. Inapitisha kidogo: kwa volti 240 na 50 Hz ni miliampea 0.17, ule mtekenyo unaousikia mtu akipitisha kidole kwenye kompyuta ya bati inapochaji. Mtekenyo huo hauui. Kinachoua ni fundi anayeitoa na kuweka kapasita ya kawaida ya kilovolti moja yenye namba 222 hiyo hiyo, kwa kuwa ukubwa ni sawa na rangi ni sawa. Ya kawaida ikifa, inaweza kufa kwa kushikana, na hapo waya wa simu umekuwa waya wa ukutani.

Mwaka 2016 taasisi ya usalama ya UL, ya Marekani, ilikusanya adapta 400 za simu zilizokuwa feki za kampuni ya Apple, ikazijaribu. Zote isipokuwa tatu zilikuwa na hatari ya moto au ya kupiga watu shoti, na 12 ziliundwa vibaya kiasi cha kuweza kumuua mtumiaji. Miaka mitatu nyuma, Agosti 2013, baada ya habari za watu kupigwa shoti huko China, Apple yenyewe ilianza kupokea chaja zisizo zake na kuwauzia wateja chaja halisi kwa dola 10. Mkipita masoko yetu mnazijua chaja hizo. Fungueni mojawapo, msiichomeke, mtazame umbali kati ya pande mbili za bodi. Hata kwa jicho bila rula mtaona.

Mahali napo pana sauti yake. Milimita nilizozitaja ni za mazingira safi. Tanga, Mombasa na Unguja hewa ina chumvi na unyevu, na ndani ya kifaa chenye matundu chumvi hiyo hukaa juu ya bodi, ikanyonya maji usiku, ikawa njia. Kwa mazingira ya uchafu wa daraja la tatu, zile milimita 5 zinakuwa 8. Anayetaka kubaki na 5 afunge kifaa chake kisiingize hewa, au apake bodi vanishi ya kinga kwa utaratibu unaotambuliwa, si kwa brashi ya rangi ya kucha.

Milimani ni kinyume chake: bodi inabaki kavu na hewa inapungua. Majedwali ya umbali wa hewani yameandikwa kwa mwinuko usiozidi mita 2000. Juu ya hapo hewa nyepesi hurusha cheche mapema, na umbali unazidishwa: mara 1.14 kwenye mita 3000, mara 1.48 kwenye 5000. Wachina wana watu wengi kwenye nyanda za Tibeti, kwa hiyo kiwango chao cha GB 4943.1 cha mwaka 2011 kilitaka ama kifaa kiundwe kwa mita 5000, ama kibandikwe onyo kwamba ni cha chini ya 2000. Chaja nyingi tunazouziwa zina onyo hilo, na hakuna anayelisoma. Nairobi iko chini kidogo ya 2000, imeponea hapo. Eldoret imeshavuka. Molo na uwanda wa Kitulo viko mbali juu. Mkibuni kifaa cha kukusanya maziwa au cha sola kwa ajili ya watu wa huko, ongezeni umbali tangu mchoro wa kwanza.

Wale mnaosogelea vifaa vya hospitali, nawaomba kwa heshima zote msitumie pawa saplai ya kompyuta kwa hoja kwamba nayo imepimwa 3000. Mgonjwa ana ngozi iliyolowa, ana nyaya zilizobandikwa kifuani, pengine hana fahamu ya kuvuta mkono. Kiwango cha IEC 60601-1 kinataka kwake kinga mbili kamili: jaribio la volti 4000 kwa umeme wa ukutani wa hadi 250, milimita 8 za kutambaa na 5 za hewani. Na kinabana umeme unaovuja kuliko vifaa vya nyumbani: mikroampea 100 kwa sehemu za kawaida zinazomgusa mgonjwa, na 10 tu kwa zinazogusa moyo, kifaa kikiwa kizima. Ile kapasita ya Y ya nanofaradi 2.2 inapitisha mikroampea 170 peke yake. Kwa hiyo hata saplai iliyo salama kabisa mezani kwenu inakuwa kosa kitandani kwa mgonjwa. Zipo saplai zilizoundwa na kuthibitishwa kwa kazi hiyo. Nunueni hizo, na nguvu zenu za ubunifu ziwekeni kwenye sehemu nyingine ya kifaa.

Sasa kupima. Mita ya mkononi inayosoma ohm hutumia betri ndogo. Ikikuonyesha kwamba praimari na sekondari hazishikani, imekueleza juu ya volti chache tu. Mashine ya volti kubwa ndiyo inayouliza swali lenyewe, na hiyo mashine inaweza kumuua anayeitumia, basi asiye na kazi asikae karibu, na mkono mmoja uwe mfukoni. Unganisheni laini na nyutro pamoja, unganisheni matokeo yote ya sekondari pamoja, kisha pandisheni volti polepole kati ya makundi hayo mawili. Msipoziunganisha mtachoma transista na kusema transfoma ndiyo mbovu. Mkiona miliampea 2 kwenye 3000 za AC, msishtuke: nanofaradi 2.2 zinapitisha 2.07 kwa volti hizo. Pimeni kwa DC ya 4242 mtaona zimetoweka. Na msipime kwa kujifurahisha. Kila jaribio linakula sehemu ya umri wa kihami, zile cheche ndogo zinafanya kazi hapo pia, ndiyo maana watengenezaji wengi wanasema ukilazimika kurudia, teremka hadi asilimia 80. Nilijua karakana moja ambako kila mgeni alionyeshwa transfoma ile ile ikipigwa volti 3000, kama mchezo wa sarakasi, kisha transfoma hiyo ikafungwa kwenye kifaa cha mteja.

Limebaki la kuviringa upya, ambalo wengi wenu mtaombwa kila wiki. Transfoma ya 50 Hz ya chuma mnaweza kuiviringa, mkifuata karatasi za kihami zilizokuwamo na kuuheshimu ukuta wa kati wa kiviringio. Ile ndogo ya feraiti ni kazi nyingine. Mkiifungua mtakuta tepu tatu, pindo, mipira midogo, pengine waya wa tabaka tatu, na mteja anasubiri nje. Kama vitu hivyo hamnavyo dukani, tafuteni transfoma ya modeli ile ile au saplai nzima mpya. Visipopatikana, mwambieni mwenye kifaa kwamba hakitengenezeki, hata kama amekuja nacho kwa basi kutoka mbali, msimtoze kitu, na kabla hamjakiweka kwenye lundo la vipuri kateni waya wa plagi.